Homa ya Masama

Mimi nilifukuzwa kazi hospitali kwa sababu ya blanketi, na mpaka leo sijaomba radhi. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kuninong'ona pembeni. Nilikuwa mfagiaji wa wodi katika hospitali ya serikali, Moshi mjini, zama za Mwingereza. Asubuhi moja aliletwa mama mjamzito kutoka mlimani, akalazwa sakafuni kwa kuwa vitanda vya Waafrika vilikuwa vimejaa, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Upande wa Wazungu kulikuwa na vitanda vinne, vitatu havina mtu, na juu ya kila kimoja mablanketi mawili yamekunjwa vizuri. Nikachukua moja nikamfunika yule mama. Bibi mkubwa wa manesi akaniuliza ni nani aliyenipa ruhusa. Nikamwambia, "Baridi." Kazi yangu ikaishia hapo.

"Zuleha," mume wangu Seleman akaniambia siku ile, huku anakanyaga cherehani yake barazani kwetu Majengo, "huo mdomo wako iko siku utatuhamisha mji."

"Tutahama nao," nikamjibu.

Ndivyo nilivyoanza biashara ya kanga, sindano na nyuzi. Kila Jumatano nilidandia lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu Masama, nikauze sokoni kule. Asiyelijua soko la mlimani nimweleze: lile ni soko la wanawake. Mwanamume hakanyagi. Akiwa na shida na mkewe anasimama barabarani, anaita, anangoja. Na kila mama ana mahali pake pa kukaa, alipoachiwa na mama mkwe wake, naye mama mkwe aliachiwa na wake. Mimi mgeni, waliyeniita Mama Shani kwa jina la mwanangu, nikapewa kinafasi kando ya Mama Beatrice, muuza ndizi. Jina lake mwenyewe Ndelilio, mama mfupi, mkavu wa macho, sauti yake ingeweza kurudisha ng'ombe waliokwisha vuka mto. Mwezi wa kwanza alikicheka Kichagga changu cha kuokoteza. Mwezi wa pili akawa ananiwekea mtori, supu ya ndizi, kwenye kata ya kibuyu, nikifika nile kwanza ndipo nifungue mzigo.

Juu kidogo ya soko kulikuwa na nyumba ya bati yenye vyumba viwili. Hiyo ilikuwa nyumba ya uzazi. Wanakijiji walibeba mawe wenyewe kutoka mtoni, wakajenga, serikali ikaleta mkunga aliyesomea, Esther, binti wa hapo hapo Masama. Miaka miwili wanawake walizalia pale. Kisha ikaja amri: Esther ashuke mjini, anahitajika wodi ya Wazungu. Nilimkuta huko kabla sijafukuzwa. Mwezi huu wamejifungua mabibi watatu, mwezi ujao hakuna hata mmoja, na Esther anashinda anakunja nepi. Huku Masama nyumba ilitiwa kufuli, na mama akishikwa na uchungu mbaya anabebwa kwa machela kuteremka hadi Moshi, na mto Kikafu uko katikati.

Beatrice, binti wa Ndelilio, alibebwa hivyo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa juu ya machela, karibu na daraja la Kikafu, akafa hapo hapo, na Beatrice mwenyewe alirudi nyumbani nusu mtu. Daktari alimwambia Ndelilio waziwazi: huyu akishika mimba tena, asizae bila mkunga aliyesomea, la sivyo mtampoteza. Na sasa, mwaka wa arobaini na tisa, Beatrice alikuwa na mimba ya miezi minne.

"Nataka Esther arudi," Ndelilio aliniambia, macho yake kwenye ndizi zake. "Sina haja ya kingine. Wewe baba yako alikuwa karani wa reli, kalamu unaijua. Tuandikie."

Nikaandika. Wallahi niliandika kama niliyekuwa nikisubiri kuombwa tangu siku ya blanketi. Tukajiita Chama cha Akina Mama wa Soko la Masama. Nikawasomea barua mstari kwa mstari, wakanirekebisha. Nilipoandika "tunaomba kwa unyenyekevu," Ndelilio akasema, "Futa hapo kwenye unyenyekevu. Nyumba tumejenga sisi." Nikafuta. Wanawake arobaini na mmoja wakachovya vidole gumba kwenye wino, na barua ikaenda kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya.

Jibu lilikuja haraka, tena kwa adabu. Serikali imesikia. Serikali inauliza: ni wanawake wangapi wa Masama waliokufa kwa uzazi tangu nyumba ifungwe? Ikipata idadi iliyothibitishwa, italitazama jambo hili.

Hapo ndipo mimi, mwenye kalamu, nilipoharibu.

Nilijiambia, neno letu sisi wanawake hao wakubwa hawataliamini. Watataka idadi yenye muhuri. Basi bila kumwuliza mtu nikaenda barazani kwa Mangi, mtawala wa pale, nikamshika karani wake Eliezeri, kijana wa tai na kalamu mbili mfukoni. Nikambembeleza, nikamgombeza, mpaka akakubali kupita nyumba kwa nyumba na daftari. Nikarudi mjini nimefurahi. Nikamwambia Seleman, "Sasa tumewabana." Seleman akauma uzi kwa meno, akaniuliza kama Mama Beatrice anajua. Nikamwambia atajua matunda yake. Ah, nikikumbuka jibu lile nataka kujichapa mwenyewe.

Miezi miwili baadaye barua ya pili ikafika. Niliisoma sokoni kwa sauti, wanawake wamenizunguka, Beatrice yuko pale pale na tumbo lake. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, inasema barua, umeonyesha kuwa wanawake wa Masama waliofariki, walifariki kwa homa. Aliyefariki kwa uzazi ni mmoja tu, naye alifia hospitali. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumrudisha mkunga. Nyumba ile itafanywa ghala la dawa ya kunyunyizia mikahawa. Bwana Mkaguzi wa Afya kutoka Dar es Salaam atafika Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tisa kuikabidhi.

"Dawa ya mikahawa!" mama mmoja akasema. "Mikahawa ndiyo inaumwa?"

Ndelilio hakucheka. "Nani aliyemtuma Eliezeri milangoni kwetu?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Wewe?" Akanikazia macho. "Ulimtuma mwanamume akatuulize mambo ya uzazini? Mbele ya wakwe zetu, waume zetu wamekaa pale?"

Ndipo nilipoelezwa kile ambacho mtoto yeyote wa kike wa mlimani anakijua. Mambo ya uzazini hayaingii masikioni mwa mwanamume. Mama akizaa, akiteseka, akifa, yanayotokea chumbani yanabaki kwa wanawake waliokuwemo. Mume akifiwa anaambiwa ni homa, basi, anazika homa. Ndiyo heshima yenyewe, wameilinda tangu zamani, hata baada ya kubatizwa. Eliezeri alipobisha hodi na daftari lake, wanaume walijibu homa kwa sababu ndivyo walivyoambiwa. Na wanawake walipoulizwa wao wenyewe walijibu homa, kwa sababu aliyeuliza alivaa suruali.

"Ungetuuliza," Ndelilio akasema. "Swali moja tu, Mama Shani. Tulikuwa hapa hapa kila Jumatano." Akamshika Beatrice mkono, wakaondoka, ndizi zake akaziacha zimelala kwenye majani.

Nilirudi mjini juu ya lori sina neno, na watu wanaonijua wataelewa hilo ni jambo la ajabu. Nilimkasirikia Eliezeri, nikamkasirikia Bwana Shauri, nikawakasirikia wanawake na siri zao. Nilipofika Majengo hasira yote ilikuwa imenirudia mwenyewe. Seleman akanitengea chai. "Unajua kuandika, mke wangu," akasema taratibu. "Kusikiliza bado hujasomea." Nikalia. Kwa blanketi sikuomba radhi, lakini kwa hili niliamua kuomba, tena mbele ya watu.

Jumatano iliyofuata nilisimama katikati ya soko, nikasema nimekosa, nilijifanya najua mambo yao kuliko wao. Wengine wakaguna. Mmoja akaniambia nitandaze kanga zangu, maana yeye anataka doti. Ndelilio akanisogezea kata ya mtori, akangoja nimalize kunywa.

"Kaa," akasema. Nikakaa mahali pangu. "Hapo ulipokaa ni pa nani?"

"Pangu. Mlinipa nyinyi."

"Palikuwa pa Mama Aminieli, mke wa Eliufoo, mzee wa kanisa. Alikwenda na mtoto tumboni, mwaka ule ule nyumba ilipofungwa. Siku mbili alihangaika. Nilikuwemo."

Nikanyanyuka mbio. Akanivuta chini kwa kanga.

"Kaa, hana kinyongo nawe. Sasa sikiliza vizuri. Huku kwetu mama akizaa anakaa ndani miezi mitatu, analishwa, hashiki jembe. Siku ya kutoka tunampaka mafuta, tunamleta hapa sokoni, tunampigia vigelegele. Kwa hiyo sisi tunajua nani ameingia ndani, na tunamngojea. Asipotoka tunajua. Mahali pake tunapaona kila Jumatano." Akanyoosha kidole. "Pale kwenye jiwe. Pale karibu na muuza chumvi. Pale wawili, mtu na wifi yake."

Alionyesha sehemu kumi na saba. Kumi na saba! Na mimi kwa miezi nilikuwa nikipita juu yake nikitangaza sindano. Nikatoa kalamu.

"Weka hiyo," Ndelilio akasema. "Mwanzo walitaka idadi, tukawapa karatasi, wakaturudishia karatasi. Safari hii aje aone. Si anakuja Jumatano?"

Wakashauriana wenyewe, mimi nimefunga mdomo, na kufunga mdomo kulinichosha kuliko kubeba mzigo. Kazi waliyonipa ilikuwa moja: nisimame karibu na mkalimani, nisikilize Kiingereza chake. Wodini nilikuwa nimeokota Kiingereza cha kunitosha.

Siku ilifika. Beatrice alikuwa amekamilisha miezi minane, amevimba miguu, tukamkalisha kwenye kivuli cha migomba. Tangu asubuhi lori lilikuwa limeshusha mapipa ya dawa ya mikahawa mbele ya nyumba ya uzazi. Wanaume nao walikuja kumwona mkubwa wa Dar es Salaam, wakapanga mstari barabarani, Eliufoo mbele na kofia yake ya Jumapili. Motokari ikasimama. Akateremka Bwana Mkaguzi, mrefu, kaptura yake imenyooshwa vikali. Nyuma yake Eliezeri wa kutafsiri. Na nyuma kabisa, kwa sare nyeupe, Esther. Walimleta aonyeshe vitanda na vifaa vilivyomo, vipate kuandikwa na kuteremshwa mjini.

Kutoka barabarani kwenda kwenye nyumba ile, njia ya miguu inapita sokoni. Bwana Mkaguzi akaingia. Soko lilikuwa kimya. Kila mama amekaa mahali pake, na kwenye kumi na saba zile hapakuwa na mtu wala kikapu, pametandikwa jani bichi la mgomba tu. Pangu pia. Yule bwana alikwepa la kwanza, akakwepa la pili, akakwepa la tatu. La nne akasimama, akauliza kwa nini nafasi ziko wazi.

Eliezeri akamjibu kwa Kiingereza, anatabasamu, kwamba wenyewe wamechelewa, watakuja baadaye.

Damu ikanipanda. "Muongo!" nikapaza sauti. "Muongo wewe Eliezeri! Mwambie wamekufa! Amekuuliza kwa heshima, unamjibu upuuzi?" Na kwa Kiingereza changu kibovu cha wodini nikamwambia yule bwana mwenyewe: hawa wamekufa, wote, kwa kuzaa. Sijui nilisemaje, lakini alielewa, maana alivua miwani.

Eliezeri akajikaza. Akasema kwa lugha zote mbili, ili kila mtu asikie, kwamba yeye mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba. Ilikuwa homa. Na waume wa marehemu wako pale barabarani, waulizwe.

Hapo, nawaambia kweli, nilijua yote yamekwisha. Wangeulizwa, wangejibu homa, na wangekuwa wanasema kweli wanayoijua. Nilimtazama Ndelilio. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alimtazama binti yake chini ya migomba, akapiga moyo konde, akasimama.

"Shemeji Eliufoo," akaita. "Nisamehe. Mkeo hakufa kwa homa."

Mama mmoja akamshika nguo, akamwambia kwa Kichagga nyamaza, wanaume wanasikia. Ndelilio akaitoa ile mikono.

"Wasikie! Tumewaficha kwa heshima, na heshima yenyewe ndiyo inatuzika. Mama Aminieli alishikwa uchungu Ijumaa asubuhi. Mtoto alitanguliza mkono. Jumamosi tukataka kumteremsha Moshi, mvua ikanyesha, Kikafu ikajaa ikafunika daraja, tukarudi. Alikuita wewe, Eliufoo. Jina lako alilitaja mpaka sauti ikamkauka. Tukakuambia huko nje usiingie, ni homa kidogo. Alikufa mkono wangu uko chini ya shingo yake. Na nyumba ile pale ilikuwa na kitanda, na ilikuwa na kufuli."

Alimaliza akabaki amesimama, anapumua. Kisha mama aliyemshika nguo, yule yule aliyetaka anyamaze, akainuka naye, akaenda kwenye jani lililo karibu na jiwe, akamtaja aliyekuwa akikaa pale, akasema alivyokufa. Akainuka mwingine. Mwingine. Sitayarudia yote hapa, kwa sababu yalisemwa siku ile moja na wenyewe, na yalitosha. Barabarani wanaume walikuwa wameinamisha vichwa. Mmoja alikaa chini kwenye vumbi.

Eliufoo akavua kofia, akaingia sokoni. Mwanamume, sokoni. Hakuna aliyemzuia. Alikwenda mpaka kwenye jani langu, jani la mkewe, akasimama hapo, machozi yanamtoka bila aibu. Kisha akamgeukia Eliezeri.

"Kijana, mimi ndimi niliyekuambia homa. Andika upya. Andika nimekuambia mimi, Eliufoo, mzee wa kanisa, mke wangu ameuawa na kufuli la serikali. Na umtafsirie huyu bwana neno kwa neno, maana Mama Shani anasikiliza."

Eliezeri akatafsiri. Safari hii hakutabasamu.

Bwana Mkaguzi alisikia, nasema kwa haki. Uso wake ulikuwa mwekundu. Akajikohoza, akasema amesikitika sana, ataandika taarifa kamili, na jambo litaletwa katika mipango ya mwaka ujao. Kwa sasa makabidhiano yaendelee. Nesi, twende tukahesabu vitanda.

Mwaka ujao! Beatrice alikuwa na wiki nne.

Esther hakusogea. Huyu Esther nimjuaye mimi ni mtu wa "ndiyo bibi," mtu wa kutembea kando ya ukuta. Alikuwa ameshika kisanduku cha vifaa vyake mikono miwili. Mama yake alikuwa anauza magimbi safu ya tatu, wala hakumwita. Esther akamwendea Beatrice pale kivulini, akapiga magoti, akampapasa tumbo, akatega sikio kwa ile pembe ya kusikilizia. Alichukua muda wake wote. Motokari inangoja, bwana anangoja.

"Mtoto amekaa vibaya," akasema alipoinuka. "Huyu sishuki nikamwacha."

Eliezeri akamnong'oneza kwamba atafukuzwa kazi.

"Mama Shani alifukuzwa," Esther akasema. "Mbona amenenepa?"

Soko zima likaangua kicheko, tena kicheko cha watu waliokuwa wakilia. Bwana Mkaguzi akauliza kimesemwa nini, Eliezeri akakosa pa kuanzia. Bwana akaamuru Esther apande motokari. Esther akasema hapana, kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, lakini ilikuwa hapana. Wanawake wakanyanyuka wakasimama mbele yake. Hakuna aliyetukana wala kushika jiwe. Tulisimama tu, na mikungu yetu kichwani kwa walio nayo. Mwisho bwana akageuka, akapanda motokari na Eliezeri, wakateremka na vumbi lao.

Eliufoo akaenda kwake kuleta shoka. Alipiga kufuli mara tatu. Wanaume wakayaviringisha mapipa ya dawa hadi kando ya barabara, wakayapanga vizuri, yasije yakasemwa yameibwa. Sisi tukaingia na mifagio. Mimi nilifagia chumba kizima, bila mshahara, nikiimba.

Barua zilikuja, si moja. Esther amefukuzwa. Esther amevunja mkataba. Eliufoo ajibu shauri la kuharibu mali ya serikali. Nyumba ifungwe mara moja. Zote nilizijibu, na safari hii kila jibu nilikaa kwanza sokoni nikauliza, wakaniambia cha kuandika, na hapakuwa na neno unyenyekevu. Wanaume wa kanisani wakatia saini zao chini ya alama za gumba za wake zao, jambo ambalo Masama haikuwahi kuliona. Habari zikapanda na kushuka mlima. Kabla ya wiki mbili kwisha walianza kuletwa kina mama kutoka vijiji vya mbali, mmoja akiwa amepanda punda.

Siku Beatrice aliposhikwa na uchungu ilikuwa asubuhi ya mawingu. Ndelilio alikuwa ndani naye. Mimi nilikuwa kizingitini nachemsha maji, roho juu. Saa nne, askari akatokea barabarani, kijana aitwaye Antoni, mtu wa Rombo, na kofia yake ya kipolisi, na karatasi mkononi.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Hati ya kumkamata nesi Esther. Naye mzee Eliufoo. Mzee tumeshampata, yuko kwenye gari, amekuja mwenyewe na Biblia yake." Akajikuna shingo. "Naomba umwite nesi."

"Ingia umwite."

Akatazama mlango. Kutoka ndani Beatrice akapiga yowe, askari akarudi nyuma hatua mbili. "Nitangoja," akasema.

Akangoja. Jua likapanda, likapita juu yetu. Mayowe yakawa mengi, kisha yakawa machache, na yalipokuwa machache ndipo nilipoogopa zaidi. Nilisikia Esther anasema, geuka mama, geuka tena, usisukume, ngoja nimpate mguu. Nikamsikia Ndelilio, yule mwenye sauti ya ng'ombe, anamwomba Mungu kwa sauti nyembamba. Niliuma kanga yangu. Askari alikuwa amevua kofia bila kujua.

Kisha mtoto akalia.

Nilikaa chini. Ndelilio akapiga vigelegele ndani, sauti yake imemrudia yote, nami nikamjibu huku nje, na huko sokoni wakasikia nao wakapokea. Yule Antoni alicheka kama mtoto. Halafu akakumbuka karatasi yake, akajiweka sawa.

Mlango ukafunguliwa. Esther alisimama kizingitini, mikono imelowa mpaka viwiko, sare yake nyeupe haitambulikani. "Mama mzima," akaniambia. "Mtoto wa kike, mzima." Ndipo alipomwona askari. Aliitazama karatasi, akamtazama usoni.

"Nesi Esther," Antoni akasema, "nimeamriwa nikuchukue sasa hivi."

"Sasa hivi siwezi," Esther akasema. Akainama kwenye ndoo yangu, akanawa, akachukua kitambaa kisafi. "Yuko mama mwingine ndani, chumba cha pili. Na wawili wako njiani."

Akaingia, akafunga mlango.